Tupeane uzoefu: Uamuzi wa katikati ya msimu uliokugusa katika timu yako ya besiboli

Mkazi wa Kent (mleta uzi)

Wanajamvi, salaam. Kwa kuwa sasa tumekuwa wengi tunaoishi Marekani na Kanada na tumeupenda mchezo huu ambao nyumbani ni wachache wanaoufuatilia, naomba tutumie uzi huu kusimuliana jambo moja tu: ni uamuzi upi wa katikati ya msimu, wa kumleta mchezaji, kumtoa au kumshusha ligi ndogo (ngazi ya chini ya ligi kuu), uliokugusa hadi ukabadili namna unavyoishabikia timu yako? Tuelezane tulikuwa wapi, habari ilitufikiaje, na miaka ilipopita tuliona nini.

Kwa waliokulia kwenye soka, Julai ya besiboli ni kama dirisha dogo la usajili, ila kuna tofauti moja kubwa ambayo ilinichukua muda kuielewa. Katika soka mchezaji hahami mpaka aafikiane na klabu mpya na kutia saini. Huku mkataba wenyewe ndio unaohamishwa, na mchezaji hana sauti, isipokuwa awe na kifungu cha kukataa au awe ametimiza miaka 10 kwenye ligi kuu, 5 ya mwisho akiwa na timu hiyo hiyo. Anapigiwa simu, anafungasha, anaondoka.

Yangu ni ya mwaka 2021, na timu yangu ni Seattle Mariners. Wakati huo tulikuwa hatujaingia hatua ya mtoano tangu 2001, ukame mrefu kuliko wa timu nyingine yoyote katika michezo minne mikubwa ya Amerika Kaskazini. Jumatatu ya Julai 26 nilimchukua mwanangu, aliyekuwa na miaka 9, tukapanda treni kituo cha Angle Lake hadi uwanjani kuwaona Houston Astros, waliokuwa wakituongoza kwenye kundi letu. Tulifungwa mikimbio 7, yaani pointi 7, kabla hatujapata hata mmoja. Nilimwambia mtoto twende, maana kesho yake nilikuwa na zamu ya alfajiri ghalani, naye akashika kiti kwa mikono miwili akasema haondoki. Katika awamu ya nane kati ya tisa, besi zote tatu (vituo anavyopitia mkimbiaji) zilikuwa na watu wetu, Dylan Moore akaupiga mpira ukavuka ukuta, yaani homu rani, na tukashinda 11-8. Mwanangu alipoteza sauti. Kwenye treni ya kurudi watu wasiofahamiana walikuwa wakishikana mikono, na bibi mmoja wa Kizungu alimpa mwanangu pakiti yake yote ya karanga bila kusema neno.

Kesho yake, nikiwa kwenye mapumziko ya chakula, nikasoma kwamba Kendall Graveman, mrushaji wetu wa kufunga mchezo (anayeingia mwishoni kulinda ushindi), aliyekuwa na wastani wa kuruhusu mikimbio 0.82 kwa kila awamu 9, amepelekwa kwa Astros hao hao. Nilisoma mara mbili nikidhani ni kosa la kuandika. Graveman hakuhitaji hata ndege. Timu zote mbili zilikuwa uwanja mmoja, kwa hiyo alitoka chumba kimoja cha kubadilishia nguo akaingia cha pili. Tulimpata Abraham Toro, ambaye usiku wa Jumatatu alitupiga homu rani akiwa na jezi ya Houston, na usiku wa Jumanne akawapiga Houston homu rani akiwa na jezi yetu. Magazeti ya Seattle yaliandika wazi kwamba wachezaji walikasirika wakajiona wamesalitiwa.

Sasa hapa ndipo ninapoomba mnielewe. Hesabu ya Jerry Dipoto, aliyekuwa akiongoza usajili wetu, haikuwa mbaya. Mkataba wa Graveman ulikuwa unaisha mwaka ule ule, Toro alikuwa na miaka kadhaa mbele yake, na baada ya siku mbili aliletwa Diego Castillo kutoka Tampa Bay kuziba pengo. Agosti 31 Toro alimkuta Graveman mwenyewe kilimani, pale anaposimama mrushaji, besi zimejaa, akampiga homu rani ya mikimbio minne na tukashinda 4-0. Ukitaka kuhukumu kwa karatasi, tulifaidika. Lakini watu waliokuwa wametoka kushinda kwa nguvu zao zote walinyang'anywa mwenzao siku iliyofuata na kupewa adui, bila mtu kukaa nao kwanza na kuwaeleza kwamba kuna jambo la pili linakuja. Tulimaliza na ushindi 90, tukakosa nafasi kwa mechi mbili. Mpaka leo najiuliza ile wiki iliwagharimu nini ndani ya mioyo yao, na hilo halimo kwenye takwimu yoyote.

Karibuni.

Dada wa Jersey City

Asante kaka kwa uzi huu. Mimi niliujua mchezo huu kwa bibi mmoja wa miaka 84 niliyekuwa nikimhudumia nyumbani kwake. Kila jioni nikishampa dawa alikuwa akiwasha televisheni kuwatazama New York Mets, daftari la kuandikia mchezo mapajani na penseli iliyochongwa vizuri. Yeye ndiye aliyenifundisha alama zote.

Julai 29, 2015, Mets walikuwa wakicheza na San Diego. Habari zilienea kwenye simu za watu uwanjani kwamba Wilmer Flores, kijana wa Venezuela aliyesajiliwa na timu hiyo akiwa na miaka 16, amepelekwa Milwaukee pamoja na Zack Wheeler ili aje Carlos Gómez. Mashabiki wakajua kabla yeye hajajua. Alipokwenda kupiga, uwanja mzima ukasimama kumshangilia, naye hakuelewa kwa nini. Baadaye akaambiwa, lakini hakutolewa mchezoni. Alirudi uwanjani kulinda nafasi yake, na kamera ikamwonyesha akifuta machozi kwa mkono wa jezi. Bibi aliweka penseli chini. Akaniambia mtoto analia mbele ya watu wote na hakuna mtu mzima anayekwenda kumtoa.

Mimi nilikuwa nimewaacha wanangu wawili kwa mama yangu Tanga kwa miaka mitatu wakati huo. Sikuweza kuvumilia, nikaenda jikoni.

Kilichofuata mnakijua. Makubaliano yalivunjika kwa sababu Mets hawakuridhika na hali ya nyonga ya Gómez, na Flores akabaki. Usiku wa Julai 31, mechi dhidi ya Washington ikiwa sare ya 1-1 katika awamu ya 12, alipiga homu rani ya kumaliza mchezo, na alipokaribia besi ya nyumbani, wenzake wamemzunguka wanamsubiri, aliishika jezi yake kifuani pale palipoandikwa jina la timu. Siku hiyo hiyo Yoenis Céspedes aliletwa kutoka Detroit, akapiga homu rani 17 katika mechi 57, na Mets wakafika World Series, fainali ya ubingwa, kwa mara ya kwanza tangu 2000. Gómez angekuja, sidhani kama Céspedes angetafutwa.

Tulifungwa na Kansas City mechi nne kwa moja. Bibi alifariki mwaka uliofuata, na familia yake ikanipa lile daftari. Ukurasa wa Julai 29 haukumaliziwa. Umeishia pale alipoweka penseli chini.

Kaka wa Rogers Park

Pole sana dada, na Mwenyezi Mungu amrehemu bibi yule.

Mleta uzi, nakubaliana nawe nusu. Namna ya kuachana na watu ina uzito, lakini nadhani mashabiki tunahukumu mapema mno, na nitatumia Chicago Cubs kama ushahidi kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea.

Juni 24, 2021 warushaji wetu wanne waliwazuia Dodgers mechi nzima bila kupata hata mpigo mmoja, nasi tukawa tumelingana na wengine kileleni mwa kundi. Kuanzia siku iliyofuata tulipoteza mechi 11 mfululizo. Mwisho wa Julai, ndani ya siku mbili, waliondoka watu watatu waliotupa ubingwa wa 2016 baada ya kusubiri miaka 108: Anthony Rizzo kwenda Yankees, Javier Báez kwenda Mets, Kris Bryant kwenda San Francisco. Nina jezi ya Rizzo yenye namba 44 ambayo mke wangu alininunulia mwaka ule wa ubingwa kwa mshahara wake wa kwanza hapa nchini. Niliikunja nikaiweka chini kabisa ya sanduku, na msimu wa 2022 sikukanyaga uwanjani, ingawa ninaishi kwenye reli ile ile nyekundu inayopita mlangoni pa Wrigley Field.

Katika kumtoa Báez, tulimpata kijana aliyekuwa ligi ndogo za Mets, amefanyiwa upasuaji wa bega, jina lake Pete Crow-Armstrong. Nilimwambia mke wangu kwamba tumebadilishana ng'ombe kwa kamba. Mwaka 2025 kijana huyo alipiga homu rani zaidi ya 30, akaiba besi (kukimbilia besi inayofuata mpira ukiwa haujapigwa) zaidi ya mara 30, na hukimbilia mpira uwanja wa kati kama mtu aliyeambiwa mapema utakapoangukia. Ilichukua miaka minne kujua kwamba sikuwa na haki ya kukasirika namna ile.

Upande wa pili uko uamuzi ambao ulizaa matunda upesi na bado haujanikaa sawa. Julai 2016, kabla ya ubingwa, tulimchukua Aroldis Chapman kutoka Yankees na kumtoa Gleyber Torres pamoja na wengine watatu. Chapman alikuwa ameanza msimu ule akitumikia adhabu ya mechi 30 chini ya sera ya ligi kuhusu ukatili wa majumbani. Waendesha mashtaka hawakumfungulia kesi, lakini ligi ilimwadhibu. Mke wangu hufanya kazi ya ukalimani na wanawake waliokimbia nyumba zao. Kila Chapman alipoingia uwanjani, yeye alitoka sebuleni. Hakugombana nami, aliondoka tu, akarudi akishasikia tangazo la biashara. Katika mechi ya saba dhidi ya Cleveland, Rajai Davis alimpiga Chapman homu rani iliyosawazisha 6-6, na mke wangu hakuiona. Mvua ilikatiza mchezo kwa dakika 17, tukashinda 8-7 katika awamu ya 10, nikaingia chumbani kumwita, naye akaja akashangilia pamoja nami. Nilifurahi sana usiku ule, lakini najua kulikuwa na furaha yangu ambayo yeye hakuweza kuigusa, na timu yangu ndiyo iliyoichagua.

Mzee wa Clarkston

Wanangu, nimewasoma wote. Mimi ni mtu wa Uvira, niko Georgia tangu 2012, na Atlanta Braves ndiyo timu ya nyumba yangu.

Habari yangu ni ya heri. Julai 10, 2021, Ronald Acuña Jr., mchezaji wetu bora kuliko wote, alirukia mpira huko Miami akatua vibaya, kano ya goti ikakatika, na msimu wake ukaisha. Wakati wa mapumziko ya Julai tulikuwa na ushindi 44 na vipigo 45. Kazini kwetu, kwenye kiwanda cha kuku, kila mtu alisema mwaka umeshaharibika na wakubwa wauze wachezaji wapate vijana.

Alex Anthopoulos, anayeongoza usajili wetu, hakuuza. Alileta walinzi wanne wa nje: Joc Pederson kutoka Chicago, kisha Adam Duvall kutoka Miami, Jorge Soler kutoka Kansas City, na Eddie Rosario kutoka Cleveland, ambaye alikuwa bado kwenye orodha ya majeruhi siku anachukuliwa. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye timu zilikuwa zinamgombania. Mpaka Agosti ilipoanza tulikuwa bado hatujawahi kuwa na ushindi mwingi kuliko vipigo. Oktoba, Rosario akawa mchezaji bora wa hatua iliyotupeleka World Series, na Soler akawa mchezaji bora wa World Series yenyewe tulipowashinda Houston katika mechi sita.

Mimi nilipenda kwamba aliziba pengo kwa watu wanne wa kawaida, kwa sababu mtu mmoja wa kulingana na Acuña hakuwepo sokoni. Kwetu nyumba ikipoteza nguzo kubwa, hupati mti kama ule msituni siku hiyo hiyo; unafunga miti midogo minne pamoja, na watoto wanalala ndani.

Mleta uzi, sijaelewa jambo moja. Baada ya lile la Graveman, ulirudi uwanjani?

Kaka wa Scarborough

Shikamoo Mzee. Huyo Anthopoulos unayemsifu alikuwa wetu kabla hajawa wenu, na mwaka 2015 alifanya Toronto jambo ambalo watu wa hapa hawajalisahau.

Julai mwishoni tulikuwa na ushindi 50 na vipigo 51, na hatukuwa tumeingia hatua ya mtoano tangu ubingwa wa 1993. Ndani ya siku chache alimleta Troy Tulowitzki kutoka Colorado na David Price kutoka Detroit. Tulimaliza na ushindi 93. Price alitoka na ushindi 9 na kipigo kimoja, kisha msimu ulipoisha akasaini Boston kwa miaka 7 na dola milioni 217. Anthopoulos mwenyewe akaondoka kabla Novemba haijaingia. Tulitolewa na Kansas City, hatua moja kabla ya World Series, na kwa miezi mitatu ile tulitoa vijana wengi wa kurusha, akiwemo Matthew Boyd, ambaye miaka kumi baadaye alikuwa bado anarusha, tena Chicago kwa kaka wa Rogers Park. Mimi ningefanya hivyo tena bila kusita. Nilikuwa na mwaka mmoja tu Kanada, sina rafiki, na Agosti ile kila mtu kwenye basi la Lawrence alikuwa na jambo la kuzungumza nami.

Mwaka 2025 ndio unaoniuma. Julai 31 tulimtoa kijana Khal Stephen kwenda Cleveland, akaja Shane Bieber, ambaye alikuwa anapona upasuaji wa kiwiko na hakuwa amerusha mpira hata mmoja ligi kuu mwaka ule. Wengi walilalamika kwamba tunanunua mgonjwa. Nilimtetea kila mahali, naye alianza kurusha Agosti 22 akanitendea haki. Kisha ikaja mechi ya saba ya World Series, awamu ya 11, Bieber yuko kilimani, Will Smith wa Dodgers akaupiga, na tukapoteza 5-4. Kuna watu mpaka leo wananitumia ujumbe wa kunikumbusha kwamba nilimtetea. Bado namtetea. Bila yeye tusingekuwa na hiyo mechi ya saba ya kupoteza.

Mleta uzi, samahani kwa kilichotokea kabla ya hapo, maana najua tuliwapitia ninyi.

Mkazi wa Pittsburgh

Langu ni fupi na halihusu ubingwa. Aprili 26, 2017, Pirates walimpandisha Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, na akawa mzaliwa wa kwanza wa bara letu kucheza ligi kuu ya besiboli. Nilikuwa PNC Park. Mara yake ya kwanza kabisa kupiga, dhidi ya Jon Lester, alipata mpigo halali, akasimama kwenye besi ya kwanza na uwanja mzima ukasimama naye. Jukwaani kwetu tulikuwa Wasomali, Warundi na Wakenya, tunakumbatiana na watu tusiowajua.

Aliichezea Pirates mechi 28 tu. Alipokuwa akipiga chini ya kiwango walimrudisha ligi ndogo, Indianapolis, na tangazo lake lilikuwa sentensi moja katikati ya matangazo mengine ya siku hiyo. Kwa kanuni sina la kupinga, kwa sababu orodha ina idadi maalumu ya nafasi na kila anayepanda lazima mwingine ashuke. Lakini tangu siku ile, ninaposoma kwamba fulani ameshushwa, husoma jina lake mpaka mwisho na huangalia alikozaliwa.

Mkazi wa Kent (mleta uzi)

Nawashukuru nyote, na dada wa Jersey City, lile daftari litunze.

Mzee, shikamoo, na jibu ni ndiyo, ila nilichelewa. Nilirudi baada ya Julai 2022, walipomleta Luis Castillo kutoka Cincinnati na kutoa vijana wanne, akiwemo Noelvi Marte, aliyekuwa tegemeo letu la baadaye. Safari hii walikuwa wameweka mezani kitu cha thamani yao wenyewe, na wachezaji waliliona hilo. Septemba 30 ukame wa miaka 21 uliisha kwa homu rani ya Cal Raleigh, na wiki moja baadaye Castillo akaenda Toronto akarusha zaidi ya awamu saba bila kuruhusu mkimbio.

Kaka wa Scarborough, hakuna samahani. Nikuambie tu tulichopata kabla hamjatutoa. Eugenio Suárez alikuwa wetu 2022 na 2023, wakampeleka Arizona kupunguza gharama, na hilo pia liliniuma kwa sababu alikuwa kipenzi cha chumba kizima. Julai 2025 wakamrudisha, pamoja na Josh Naylor aliyetangulia wiki moja, kwa kuwatoa vijana wa ligi ndogo. Naylor aliwaka tangu siku ya kwanza. Suárez alihangaika Agosti na Septemba, akikosa mpira mara kwa mara, na nikaanza kusikia watu wakisema tumeletewa mzee. Sikusema kitu, kwa sababu ya yale ya Toro na Graveman.

Oktoba 17, mechi ya tano dhidi yenu, nilikuwa nimeegesha gari nje ya ghala nikisikiliza redio, zamu yangu ikianza saa kumi na mbili jioni. Mwanangu, aliyekuwa na miaka 13 wakati huo, alikuwa uwanjani na mjomba wake. Awamu ya nane Raleigh alisawazisha, kisha besi zikajaa kama zilivyojaa siku ile ya Moore, na Suárez akaupiga kuelekea uwanja wa kulia. Simu yangu ikaita. Niliipokea, na mtoto hakusema neno lolote. Aliishika tu juu nisikie kelele, nami nikabaki nimeiweka sikioni hadi msimamizi akaja kugonga kioo cha gari.